Walioangukia Uholanzi

Ndege ilikataa kushika moto.

Rubani Ollerenshaw alikuwa amepiga magoti kwenye tope la shamba la viazi, akipuliza kama mtu anayewasha kuni mbichi. Ndege yenyewe ilikuwa ya mbao, na amri ilikuwa moja tu: ukiangukia kwa adui, ichome, asije akaifungua na kuiiga. Shida ni kwamba alikuwa ameitua kwa tumbo vizuri mno. Ukiacha mapanga ya injini yaliyopinda, haikuwa na mchubuko.

"Dhambi hii, afande," alisema Wilf Tasker, msoma ramani wake. "Ikipigwa nyundo kidogo, kesho inaruka."

"Iruke na Mjerumani ndani? Lete kiberiti."

Hatimaye ikawaka, na ilipowaka ikawaka kweli. Nyusi za Ollerenshaw zikaondoka nayo.

Wakajitupa mtaroni. Asubuhi ilikuwa imejaa ukungu, na hapakusikika kitu ila kunguru.

"Sasa niambie vizuri," alisema Ollerenshaw. "Tuko wapi?"

"Uholanzi." Wilf hakusita hata kidogo. Mzinga ulikuwa umewavunjia dira juu ya Ujerumani, na tangu hapo waliruka juu ya mawingu kwa hesabu za Wilf peke yake, mpaka injini zikazimika. "Upepo umetupiga usoni njia nzima. Bahari hatujaivuka. Kambi yetu na Lincolnshire yote, huko kwetu Uingereza, iko ng'ambo kule, mbali sana. Lakini usinisikilize mimi, tazama mwenyewe. Nchi bapa kama chapati. Mifereji kila upande. Na kile kule ni nini?"

Ukungu ulifunguka kidogo.

"Kinu cha upepo," alikiri Ollerenshaw.

"Na chini yake?"

"Maua ya tulipu."

"Basi. Unasubiri nini tena, wakuletee jibini?"

Wakatambaa hadi njia panda. Nguzo ya kuonyesha njia ilisimama uchi, vibao vyote vimeng'olewa. "Wajerumani hao," alisema Wilf. "Hawataki hata watu wajue waendako." Ili kuwakomoa, Ollerenshaw alipanda mti akakata waya wa simu. Nyuma ya kanisa walikuta nguo za kasisi zimeanikwa, wakavaa suruali nyeusi na makoti, wakazika sare zao. Walijua wanachofanya: ukikamatwa ndani ya suruali ya kuiba, wewe si mateka tena, ni jasusi, na jasusi hupigwa risasi. Baiskeli moja ilikuwa imeegemezwa ukutani. Wilf akaitoa upepo magurudumu yote mawili.

"Ya nani hiyo?"

"Ya askari wao, lazima. Huoni ilivyokaa kijeuri?"

Kiholanzi hawakujua hata neno la kuombea maji, kwa hiyo wakakubaliana wawe mabubu.

Njaa iliwafikisha kwenye nyumba ya matofali kando ya mfereji. Mama mmoja mnene alikuwa akiwalisha kuku. Aliwatazama: suruali zimeishia juu ya vifundo vya miguu, nyuso nyeusi kwa moshi, mmoja hana nyusi. Ollerenshaw alionyesha mdomo wake, akatikisa kichwa. Wilf alishika masikio yake, akatikisa kichwa. Mama alifikiri kidogo. Halafu naye akaweka kidole midomoni, akachungulia barabarani, akawaashiria waingie upesi.

Aliwapa mkate, viazi vya moto na birika la chai. Wilf alimimina, akanywa, akamimina tena, mpaka birika likakauka. Mama alimtazama bila kupepesa. Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akawaonyesha kwa mikono: kaeni hapo hapo, nakuja. Akatoka. Ufunguo ukazunguka upande wa nje.

"Katufungia?" alinong'ona Wilf.

"Katuficha, mjinga wewe! Hukuona kile kidole? Huyu ni wa chama cha siri. Hawa ndio wanaowavusha marubani kwa mashua mpaka nyumbani." Macho ya Ollerenshaw yalikuwa yamelowa. "Na anahatarisha shingo yake kwa watu asiowajua."

"Watu wema sana hawa. Ila chai bado hawajaijua. Maji matupu."

Moto ulilialia jikoni.

"Mama yangu atakuwa ameshaletewa habari kwamba nimepotea," alisema Wilf polepole. "Na mara ya mwisho tuliagana kwa ugomvi, afande, eti kwa sababu ya soksi."

Ollerenshaw alimwekea mkono begani. "Utamwona. Na nisikilize. Tukifika nyumbani, kitu cha kwanza nitakuombea nishani. Msoma ramani mwingine angetuzamisha baharini."

Wilf alijifuta pua kwa mkono wa koti la kasisi.

Nyayo zilisikika uani. Mlango ukafunguliwa, mama akaingia, na nyuma yake mzee mwenye mashavu mekundu, akihema, ameshika bunduki ya kuwindia bata. Ollerenshaw alisimama, akafungua mikono yote miwili amkumbatie mwokozi wake.

Mama akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Ndio hawa, Bwana Blanchard. Wajerumani, wote wawili. Na kama risasi ni moja, muanze huyo wa kulia, maana kanimalizia chai yangu ya mgao wa wiki nzima."

Aliyasema hayo kwa Kiingereza, tena kile cha Lincolnshire kabisa, na Ollerenshaw, mikono bado imefunguka, akamgeukia msoma ramani wake polepole sana.