Gauni la Njano

Feliksi, fundi cherehani wa sokoni Mwanga, alikuwa ametoka Tabora kumzika dada yake. Alikuta viporo vya kazi vimejaa kibandani, akashona tangu asubuhi bila kuinua kichwa.

Mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi aliingia na gauni la mtoto, la njano.

"Pole na msiba, fundi. Nakuomba uliongeze. Mtoto amekua."

"Mlete basi nimpime."

Mama aliweka kiganja hewani, usawa wa kifua chake. "Sasa atakuwa hapa. Siku tunapanda mtumbwi kukimbia alikuwa ananifika kiunoni. Nilidhani yuko na baba yake. Baba yake naye alidhani yuko na mimi."

Feliksi aligeuza pindo. Lilikuwa limefumuliwa mara mbili, mwaka jana na mwaka juzi, na mishono yote ilikuwa ya mkono wake mwenyewe Feliksi. Hakuwahi kuuliza. Kitambaa cha kuongeza kilikuwa kimekwisha.

Aliinuka, akashusha jora jipya la njano, akachukua futi.

"Inua tena mkono, mama," alisema taratibu. "Usiutikise."

Akapiga magoti, akapima kutoka kiganjani hadi sakafuni.