Geti la Bi Siwema

Mbaruku alilipiga gari lake jeki uani, akavua magurudumu ya mbele na kung'oa shokapu zilizokwisha. Mama yake, Bi Siwema, aliyekuwa haoni tena, alikaa karibu na geti. Kulifungua ilikuwa kazi yake, na hakutaka mtu mwingine aliguse. Gari likiingia tu mtaani likigonga mashimoni, ngo, ngo-ngo, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye komeo.

"Zimekufa hizi, mama. Sasa halitagonga tena."

"Haya, mwanangu."

Alipomaliza akalitoa barabarani kulijaribu. Lilipita kwenye mashimo kama limevaa soksi. Akarudi anatabasamu, akasimama mbele ya geti. Geti halikufunguka. Akangoja, mwisho akapiga honi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwao.

"Nani?" mama aliuliza kutoka ndani. "Kama unamtaka Mbaruku, subiri hapo hapo nje. Katoka. Akirudi nitamsikia."

Mbaruku alizima gari. Akashuka, akachukua spana, akainama kwenye gurudumu na kugonga chuma: ngo, ngo-ngo.

Ndani, komeo likaanza kusogea.