Mwezi Kando ya Saa

Kitu cha kwanza alichokiona Siwema kilikuwa mwezi mdogo kama ukucha, kando ya saa, pembeni mwa kioo cha kompyuta. Ijumaa ya wiki iliyopita, alipoipangusa vumbi ikiwa inawaka, mwezi haukuwepo. Au ulikuwepo?

"Siku tisa Shaweji hajaniandikia," alisema Bi Mkasi, tajiri yake, akikunja kitambaa cha kufuma cha kuifunikia. "Zamani ujumbe ukiingia inalia, hata jikoni nasikia. Mwanangu kanisusa."

"Labda imelala, mama."

"Ilale macho wazi? Wewe nawe!"

Siwema akaubonyeza mwezi kwa kidole. Ukatoweka. Kompyuta ikalia mara moja, mara mbili, kisha mfululizo, na visanduku vya maneno vikapanda kimoja juu ya kingine.

"Miwani yangu!" Bi Mkasi alipapasa meza. "Ni yeye? Anasemaje?"

Siwema aliacha shule darasa la tatu, na nyumbani humo hakuna aliyewahi kumuuliza kama anajua kusoma. Kisanduku cha juu kilianza kufifia.

"Anasema..." Alifuata herufi kwa kidole. "'Mama, mbona hunijibu? Nimekukosea nini?'"

Bi Mkasi akamgeukia, kitambaa kifuani.

"Najua kusoma, mama," alisema Siwema. "Na ni mimi niliyeinyamazisha, siku ile nilipoipangusa vumbi."