Mkanda wa Mfaume

Wakubwa wa mabasi ya jiji walichoka na ving'ora, wakaamuru kila basi limwonye dereva wake kwa sauti ya mkewe. Eti mwanamume hupuuza kengele, mke hampuuzi. Watu wa viyoyozi hawakosi la kuzua.

Mke wa Mfaume alishafariki, lakini sauti yake walikuwa wamekwisha kuirekodi. Kila akiwasha basi, Mama Rukia anaanza: "Baba Rukia, funga mkanda. Jamani, Baba Rukia, mkanda!" Mfaume hafungi ng'o, maana ukifungwa tu, mke ananyamaza. Anaendesha kutoka Temeke hadi Posta huku akisihiwa, naye anajibu, "Nimekusikia, mke wangu. Na uji wangu je?" Abiria wa mbele hucheka, kisha huhama viti.

Ijumaa akaitwa ofisini. Bosi, kijana wa tai asiyewahi kushika usukani, hata kiti hakumpa.

"Mzee, mkeo humtii. Tukuwekee sauti ya mwingine?"

"Mwingine nani?"

"Yupo mmoja mkali. Au ufunge mkanda, ubaki na wako."

"Mazikoni hamkuja hata mmoja," Mfaume akasema, "leo mnanichagulia mke."

"Chagua, mzee."

Kesho yake akawasha basi. "Baba Rukia, funga mka..." Akauvuta mkanda polepole, akaubana. Mama Rukia akakatikia hapo hapo. Basi likawa kimya kama nyumbani kwake.

"Leo umetulia, mzee," abiria wa mbele akamwambia. "Hongera."