Piko Kwenye Ndevu

Uvumi ulimnyima Bi Mwanakheri raha: jeshi linachukua mafundi wa magari hadi wenye miaka arobaini na mitano. Mwanawe Shekue alikuwa na arobaini na tatu. Asubuhi akamkuta uani, anapaka piko ndevu zake zenye mvi.

"Kulikoni, unaoa tena?"

"Naenda kujiandikisha, mama. Wasinione mzee."

Alitamani kumfungia chumbani. Badala yake akachukua sabuni, akamsugua kidevu kabla piko haijakauka.

"Wanatafuta fundi, si bwana harusi. Hizo mvi ndizo zinazojua injini."

Shekue akacheka, povu mdomoni.

"Basi sikiliza, mwanangu. Usidanganye umri. Usitoe hongo. Usishindane mbio na vijana. Na ukifika njia panda, usigeuke kunitazama. Mimi nitakuwa bado nimesimama mlangoni."