Leseni Haifi

Nakijwa alitunga programu ya kusoma midomo ya mama yake, aliyepoteza sauti kwa kiharusi, na kumsemea kupitia kifaa kidogo. Akaitoa bure kwa yeyote mwenye mgonjwa. Afisa wa leseni akaja, akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Dada, umeunganisha vipande viwili vya programu za watu wengine. Leseni ya kimoja inataka programu nzima igawiwe bure, ya kingine inakataza. Hazipatani. Kisheria inazimwa kila mahali."

"Wenyewe wamelalamika?"

"Walishakufa. Leseni haifi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa busara ya serikali: kuwalinda maiti dhidi ya wagonjwa.

"Mwanangu," kifaa cha mama kikamwambia afisa, "aliyekuzaa anajua kazi unayofanya?"

Afisa akatabasamu, akabonyeza simu yake. Midomo ya mama ikaendelea kucheza bila sauti.

"Weka kipande cha serikali badala yake," akashauri akiondoka. "Hicho kinapatana na chochote."

Nakijwa hakuwa na kingine, akakiweka. Wakati wa chakula mama alionja maharage, akakunja uso, akafungua mdomo.

"Chakula ni kitamu sana, asante," kifaa kikasema kwa sauti nyororo.

Mama akamkodolea macho binti yake, akarudia, sasa kwa hasira. Kifaa kikashukuru zaidi.