Mkono wa Shaame

Mama Shaame uso ulimwiva. Pale kwenye shuka la sinema mwanawe, aliyezikwa kabla ya Ramadhani, alikuwa hai chini ya mkarafuu, akila muhogo kwa mkono wa kushoto.

"Kumbe marehemu akila kwa kushoto?" jirani alinong'ona. Wanawake wote wa kijiji cha Ole, waliokaa nyuma ya shuka mbali na wanaume, wakamsikia.

"Nimemlea mimi! Hajapata kula kwa kushoto maisha yake!"

"Si huyo hapo, sote tunamwona."

Wazungu waliokuja msimu uliopita kupiga filamu ya historia ya karafuu walimfanya nini mwanawe? Aliinuka, akakaza buibui lake, akazunguka shuka mpaka upande wa wanaume, ambako usiku wa sinema mwanamke hakanyagi.

Shaame alikuwa bado anakula. Vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa karafuu, vilipeleka kipande cha muhogo mdomoni polepole. Vidole vya mkono wa kulia. Kumbe ukikaa nyuma ya shuka, kulia hugeuka kushoto!

"Njooni huku!" aliwapigia kelele wenzake. "Njooni mumwone mwanangu!"

Hakuinuka hata mmoja. "Rudi, Mama Shaame, usitutie aibu!"

"Bibi, unatuzibia!" wanaume nao wakafoka. "Kaa chini!"

Aligeuka tena kwenye shuka. Meli ilikuwa ikipakia magunia ya karafuu.